Podikasti ya papo hapo kwa simu: programu moja ya kila kitu, kurekodi kisha kupandisha, au chaneli tu? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Chenga_Mbili

Habari zenu wakuu. Nina jambo la kuamua kabla ya Jumamosi, naomba msaada wa waliotangulia.

Naanzisha podikasti. Chombo nilicho nacho ni simu tu, kompyuta sina. Ninachotaka ni kurekodi, kukata palipoharibika, na kuirusha hapo hapo watu wasikilize jambo likiwa bado la moto. Kesho yake ni kuchelewa. Nimesoma huku na kule nikabaki na njia tatu: kutumia programu moja inayorekodi na kurusha yenyewe, kurekodi kwa kinasa sauti cha simu kisha kupandisha faili kwenye huduma ya kuhifadhi podikasti, au niachane na hayo yote nitume sauti kwenye chaneli ya WhatsApp au Telegram basi.

Ipi bora? Nataka nichague moja nidumu nayo, sitaki kuhamahama. Na kama kuna maiki ya kuongeza, niambieni ni ya aina gani. Nawasilisha.

Tumbiri

Programu moja, usijisumbue. Mimi natumia ya Podbean kwenye simu. Unarekodi, unakata mwanzo na mwisho, unaandika jina la kipindi, unarusha. Mlisho wa RSS, yaani anwani ambayo programu za wasikilizaji huisoma kupata vipindi vyako, inakutengenezea yenyewe. Ukishauwasilisha Apple Podcasts na Spotify mara moja, vipindi vinavyofuata vinajipeleka. Umeomba haraka, na hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Mambo ya kurekodi kwenye programu hii, kuhamishia ile, kupandisha kwenye ya tatu, mpaka umalize watu wameshalala.

FundiWaya

Mkuu Chenga, kabla watu hawajakutajia kila mtu anachokipenda, weka mambo wazi. Simu ni Android au iPhone? Ina tundu la duara la hedifoni au ina USB-C peke yake? Unarekodi ndani au nje? Peke yako au na wageni? Kipindi cha dakika 5 au saa nzima? Wasikilizaji ni watu wanaokujua tayari, au unatafuta wasiokujua? Anayeongea peke yake chumbani na anayehoji watu barabarani hawapewi jibu moja.

Kipaza

Chaneli. Sijui kwa nini watu wanaifanya ngumu. Msikilizaji wako ana WhatsApp tayari, ana Telegram tayari. Ukimwambia apakue programu nyingine ya kusikilizia podikasti, nusu wanakuitikia "sawa" na huwaoni tena. WhatsApp imeweka chaneli tangu 2023, unatuma sauti, mtu anabonyeza anasikia, anamtumia mwenzake. Telegram ni bora zaidi kwa sababu vipindi vyote vinabaki vimepangana, mtu anarudi nyuma mpaka cha kwanza, na faili linapokelewa mpaka la GB 2. Hakuna mwenye simu anayefikisha ukubwa huo kwa sauti.

Nuru

Chenga, usiingie kwenye programu moja ya kila kitu kabla hujasoma yaliyonipata. Sitaitaja huduma yenyewe.

Nilikuwa na kipindi cha hadithi za watoto. Nilirekodi ndani ya programu, nilihariri ndani ya programu, nilirusha ndani ya programu. Ilikuwa nyepesi kweli, Tumbiri hasemi uongo. Watoto walikuwa wanazisikiliza wakienda kulala, wazazi walikuwa wananiandikia. Siku moja ikaja barua pepe kwamba huduma inafungwa, kila mtu apakue vitu vyake kabla ya tarehe fulani. Nikaingia kupakua. Hakuna kitufe cha kupakua vyote, ni kimoja kimoja. Na ninachopakua si nilichokirekodi, ni faili lililobanwa baada ya kuchanganywa na muziki wao. Sauti yangu safi, isiyo na muziki, haikuwahi kukaa kwenye simu yangu hata dakika moja. Ilikaa kwao.

Hilo nililimeza. Lililoniumiza ni la pili. Wasikilizaji hawakufuati wewe, wanafuata anwani ya mlisho. Unapohama, huduma ya zamani inatakiwa iweke kielekezi cha kudumu, kile wanachokiita 301, ili programu ya msikilizaji ikifika anwani ya zamani ipelekwe mpya bila yeye kujua chochote. Hawa hawakuweka. Niliwaandikia, nikajibiwa kwamba hawana uwezo huo kwa akaunti za bure. Nikasema basi nitaenda kwenye saraka, yaani zinakoorodheshwa podikasti kama Apple Podcasts na Spotify, moja kwa moja nibadilishe anwani huko. Saraka nayo inataka uthibitishe kwamba kipindi ni chako kwa kutuma namba ya siri kwenye barua pepe iliyoandikwa ndani ya mlisho. Barua pepe iliyokuwa mle si yangu, ni ya huduma, walijiwekea yao wenyewe. Kwa hiyo namba ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi ikawa inatumwa kwa watu waliofunga ofisi.

Nikaanza mlisho mpya, upya kabisa kutoka msikilizaji wa kwanza. Wale watoto wa zamani, kwenye simu za wazazi wao kipindi kilinyamaza tu. Hakuna aliyewaambia kimehamia wapi, na mimi sikuwa na njia ya kuwaambia.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: rekodi kwenye simu yako, faili la asili libaki kwako, kisha pandisha. Hata kama inachukua dakika kumi zaidi.

Tumbiri

Pole sana dada Nuru, hilo ni jambo zito. Lakini si kosa la kurekodi ndani ya programu, ni kosa la kuchagua huduma isiyotoa kielekezi. Huduma nzito zinatoa. Mtu aulize swali hilo kabla ya kujiandikisha, basi.

Nuru

Huduma nzito nazo hubadilika, kaka. Anchor ilikuwa ndiyo jina la kwanza kwa mtu mwenye simu tupu. Ilianza 2016, Spotify wakainunua 2019, 2023 ikaitwa Spotify for Podcasters, baadaye tena Spotify for Creators. Vile vifaa vya kurekodi na kuhariri ndani ya programu, ambavyo ndivyo vilivyowaleta watu, viliondolewa 2024. Vipindi havikupotea, sisemi hivyo. Ila mtu aliyejifunza kazi nzima kwenye kitufe kimoja aliamka kitufe hakipo. Hata Google walifunga Google Podcasts mwaka huo huo. Ukubwa wa kampuni haukuhakikishii kwamba utaratibu wako utadumu.

Chenga_Mbili

Nuru, nimeisoma mara mbili. Pole, na asante kwa kuandika yote.

FundiWaya, majibu. Simu ni Samsung, tundu la duara haina, ni USB-C. Podikasti ni ya mpira. Ligi za vijana na za mitaani, zile mechi ambazo redio na televisheni haziendi. Vijana wanacheza kwa moyo wote, mtoto anafunga bao ambalo lingeonyeshwa wiki nzima lingefungwa kwingine, mechi inaisha na hakuna anayeandika hata matokeo. Hilo linaniuma. Nataka filimbi ya mwisho ikilia nimfuate kocha, nimfuate mfungaji, dakika mbili tatu kila mmoja, nianze na maelezo yangu ya mchezo ulivyokwenda, nikate, irushwe watu wakiwa bado njiani kurudi nyumbani. Jumla dakika 10 hadi 15.

Uwanja ni wa wazi. Upepo upo, kelele zipo, na mara nyingi kuna spika kubwa inapiga muziki. Wasikilizaji wa kwanza ni wazazi, wachezaji wenyewe na mashabiki wa timu hizo. Baadaye natamani wafike na wasionijua.

FundiWaya

Haya, sasa tunazungumza. Hapo tatizo lako la kwanza ni upepo, halafu ndiyo programu.

Upepo ukigonga maiki unasukuma kile kiwambo cha ndani kwa nguvu kuliko sauti ya mtu. Sauti inapasuka palepale, wakati wa kunasa, na kilichopasuka hakirudi. Hakuna programu ya kusafisha itakayokuokoa. Unahitaji kizuia upepo. Sponji nyembamba inatosha kwa pumzi za "p" na "b", uwanjani unahitaji yale manyoya. Pili, mpe upepo mgongo, mwili wako uwe ukuta. Tatu, ukipata programu yenye kichujio cha mngurumo wa chini, kiweke karibu na Hz 80 au 100. Sauti ya mtu akiongea haipotezi chochote cha maana hapo.

Maiki: chukua ya waya ya USB-C, au zile ndogo zisizo na waya ambazo kipokezi chake kinachomekwa kwenye tundu la simu. Usichukue hedifoni za Bluetooth ukadhani ni maiki. Ukiwasha maiki ya Bluetooth, simu inaingia kwenye mfumo wa kupigia simu, na sauti kwa kawaida inakatwa mpaka sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Ndiyo maana mtu anasikika kama anakupigia kutoka chini ya mto wa kulalia, hata kama hedifoni ni za gharama.

MzeeWaMawimbi

Vijana, nimefanya kazi ya redio muda mrefu na kinasa cha kubeba begani. Naona mnajadili huduma na vichujio, hakuna aliyetaja umbali. Umbali ndiyo kila kitu. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya mtu inapanda kwa desibeli 6 hivi, kelele za uwanja zinabaki pale pale. Hakuna kifaa kinachokupa faida hiyo bure. Shika maiki mwenyewe, usimpe mgeni kamwe, ataipunga hewani kama kijiti. Iweke chini kidogo ya kidevu, kama upana wa kiganja, si mbele ya midomo. Swali likiisha ipeleke kwake, jibu likiisha irudishe.

Kama huna maiki siku ya kwanza, simu yenyewe inatosha. Maiki kuu iko kwenye ukingo wa chini, sasa geuza ukingo huo umtazame anayeongea. Watu wengi wanamwelekezea mgeni kioo, maiki inatazama nyasi. Na angalia kava la simu lisizibe kile kitundu.

Jambo lingine. Baada ya kila mahojiano nyamaza, rekodi nusu dakika ya uwanja mtupu, kelele zake tu. Ukikata katikati ya maneno ya kocha, unapachika hiyo chini yake na mkato hausikiki.

Pilipili

Mimi nauliza, kwa nini sauti tu? Bao halisikilizwi, linaonwa. Simu hiyo hiyo ina kamera. Weka video fupi YouTube, wazazi wataona watoto wao.

Chenga_Mbili

Pilipili, nimelifikiria. Video ya dakika 15 inamla mtu bando, na kuihariri kwa simu siwezi kumaliza siku hiyo hiyo. Halafu mtu anaendesha au anapika, video haimfai. Nataka sauti.

Pilipili

Sawa, lakini uniambie mwaka kesho.

Kipaza

Bando umelitaja vizuri, na ndiyo hoja yangu. Sauti ya WhatsApp inabanwa kwa Opus, namna ya kubana sauti iwe ndogo, dakika kumi ni MB chache mno. MP3 ya kwenye saraka inaweza kuwa mara tano yake.

FundiWaya

Si lazima. Tupige hesabu, ni kuzidisha tu. MP3 ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stereo, kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni MB 4.8 kwa dakika kumi. Ya kilobiti 128 ni MB 9.6. Opus kwa kilobiti 24 ni MB 1.8. Tofauti ipo, ila mono ya 64 kwa mahojiano inasikika vizuri kabisa na haimwibii mtu bando. Watu wanarusha stereo ya 128 au 192 kwa sauti ya mtu mmoja, ni kujaza gunia hewa.

Ila kurekodi usirekodi kwa kubana hivyo. Rekodi WAV, faili la sauti isiyobanwa, ikiwezekana. Mono ya kawaida, sampuli 44,100 na biti 16, ni kama MB 5.3 kwa dakika. Dakika 15 haifiki hata MB 80. Simu yako inabeba hiyo bila shida. Unabana mwishoni, mara moja tu. Kubana kilichokwisha kubanwa ndiko kunakoleta ile sauti ya kuchuruzika.

Kuna sababu nyingine ya WAV ambayo haisemwi. M4a, aina ya faili la sauti iliyobanwa, huandika faharasa yake (orodha ya sauti ilipo ndani ya faili) mwishoni, pale unapobonyeza kusimamisha. Simu ikizima katikati, chaji imeisha au programu imeuawa, faharasa haipo na mara nyingi faili halifunguki, hata kama sauti yote imo. WAV ikikatika, kichwa chake kinarekebishwa na sauti inatoka. MP3 nayo inacheza mpaka pale ilipokatika.

Tumbiri

Yaani mtu aende uwanjani na faharasa kichwani? Anataka kumhoji kocha.

FundiWaya

Kocha hatarudia maneno yake, Tumbiri. Mahojiano ya baada ya mechi yanatokea mara moja.

MzeeWaMawimbi

Hapo FundiWaya amenena.

Nuru

Chenga, kwa kuwa ni Samsung, angalia kinasa sauti kilichokuja na simu. Simu zao nyingi zina namna ya "mahojiano", inatumia maiki ya juu na ya chini kwa pamoja, moja inakusikia wewe, nyingine mgeni. Ukishika simu katikati yenu inasaidia. Faili linabaki kwenye simu yako.

Kabla hujabonyeza kurekodi weka hali ya ndegeni. Simu ikipigwa katikati, vinasa vingine vinasimama na haviendelei vyenyewe. Na ukirekodi skrini ikiwa imezimika, nenda kwenye mipangilio ya betri utoe kinasa chako kwenye orodha ya programu zinazobanwa. Android nyingi huua kinachofanya kazi nyuma ya pazia ili kuokoa chaji.

Chenga_Mbili

Hali ya ndegeni sikuwahi kuiwaza kabisa. Asante.

Sasa nimeelewa kurekodi kwa kinasa cha simu. Bado nimekwama kwenye kurusha. Kipaza anasema chaneli, nyie wengine mnasema mlisho. Kwa mtu aliyeko uwanjani, ipi inatoka kwanza?

Kipaza

Chaneli inatoka kwanza, hilo halina ubishi. Mlisho ukishausasisha, programu ya msikilizaji inakuja kuangalia kwa wakati wake. Inaweza kuwa dakika, inaweza kuwa saa. Kwenye chaneli ni papo hapo, simu ya mtu inalia.

MzeeWaMawimbi

Kinatoka kwanza na kinapotea kwanza. Miezi sita baadaye mzazi anataka kumsikilizisha mtoto mahojiano ya bao lake, ataanza kupandisha kidole kwenye chaneli mpaka kitoke malengelenge? Mlisho una jina la kipindi, tarehe, maelezo, na mtu asiyekujua anaweza kukutafuta akakuta. Apple waliingiza podikasti kwenye iTunes mwezi Juni 2005. Utaratibu wa mlisho ni ule ule mpaka leo, programu yoyote inausoma. Chaneli ni ya mwenye chaneli. Akibadilisha masharti, umekwisha.

Kipaza

Mzee, kwa heshima zote, unazungumzia kumbukumbu, Chenga anazungumzia habari za leo. Ni vitu viwili. Na Telegram ina kutafuta, unaandika jina la mchezaji kwenye maelezo ya sauti, linaonekana.

MzeeWaMawimbi

Linaonekana kwa anayeijua chaneli. Kijana wa timu ile akifanikiwa miaka kumi mbele, mahojiano yake ya kwanza duniani yatakuwa kwenye simu ya nani? Nimeona kanda za redio zikifutwa ili zirekodiwe upya kwa sababu hakuna aliyeona thamani yake siku hiyo. Sitaki kuona tena.

Tumbiri

Kwani kuna sheria ya kuchagua moja? Pandisha kwenye mlisho, ukishatoka chukua kiungo cha kipindi utupe kwenye chaneli.

Kipaza

Kiungo hakibonyezwi kama sauti inavyobonyezwa. Atume sauti yenyewe, kiungo kifuate chini.

FundiWaya

Hiyo nakubaliana nayo. Ila kwenye WhatsApp asirekodi ujumbe wa sauti ndani yake, aambatishe faili lililokwisha kuhaririwa, kama inamruhusu. Ujumbe wa sauti unabanwa mno kwa ajili ya maneno ya karibu, kelele za uwanja zinageuka uji.

Na kwenye huduma za kuhifadhi usome masharti ya bure. Buzzsprout kwa bure inakupa saa 2 kwa mwezi, na kipindi kinakaa siku 90 kisha kinaondolewa. Podbean bure ni saa 5 jumla, zikijaa zimejaa. Kwa kumbukumbu anazozisema Mzee, siku 90 si kitu. Kuna wanaoweka sauti zao Internet Archive, wale wapo tangu 1996 na hawafuti vipindi kwa kuwa siku zimepita, ila kupanga mlisho huko kunahitaji uvumilivu.

Pia tengeneza picha ya kipindi mapema, Ijumaa, usingoje Jumamosi. Apple wanataka ya mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000. Watu wengi wanakwama hapo wakati sauti iko tayari. Na saraka huchukua muda kukupokea mara ya kwanza, kwa hiyo rusha kipindi kifupi cha utambulisho leo, dakika moja tu, ili Jumamosi mlisho uwe umeshakubaliwa.

Chenga_Mbili

Hii ya utambulisho nimeipenda sana. Nafanya leo usiku.

Vipi kuhusu sauti kupishana? Mimi nina sauti kubwa, makocha wengine wanaongea kwa kunong'ona wakishafungwa.

FundiWaya

Ukisharekodi, lainisha viwango. Apple wanapendekeza karibu -16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika, kwa kipindi kizima. Kama programu yako ya kuhariri haina kipimo hicho, Auphonic inafanya kazi hiyo kwenye kivinjari cha simu, na bure wanakupa saa 2 za sauti kila mwezi, kwako zinatosha mechi kadhaa. Inapandisha aliye chini na kumshusha aliye juu.

Zile za akili bandia za kusafisha sauti, kuwa makini. Kwenye chumba chenye mwangwi zinasaidia. Uwanjani, mashabiki wakipiga kelele nyuma ya mgeni, zinaweza kumtungia silabi ambazo hakuzisema.

MzeeWaMawimbi

Na msizisafishe zile kelele zote. Uwanja usikike. Mtu anayesikiliza anataka kujua timu imeshinda kabla hujamwambia.

Pilipili

Kitu kimoja hakijaguswa. Chenga umesema ligi za vijana. Wale ni watoto. Umeshazungumza na wazazi? Sauti ya mtoto na jina lake kamili vikienda kwenye saraka za dunia nzima havirudi.

Chenga_Mbili

Makocha wawili wameshakubali. Wazazi wapo pale pale uwanjani, nilikuwa naona kama wamekubali kwa kuwapo.

Nuru

Kuwapo si kukubali. Mimi nilikuwa nasomewa na watoto baadhi ya hadithi, na kila mzazi nilimrekodi akisema kwa sauti yake kwamba anaruhusu, sekunde kumi tu, kabla ya mtoto kuanza. Inabaki kwenye faili la asili, hairushwi. Taja jina la kwanza na namba ya jezi, inatosha. Shule anayosoma na mtaa anaokaa viache.

Pilipili

Ndiyo. Na mzazi akikupigia baadaye kusema ondoa, uweze kuondoa. Kwenye mlisho unafuta. Kwenye WhatsApp ikishasambazwa kwenye magroup umeshaishiwa nguvu. Kipaza hilo unalijibu vipi?

Kipaza

Ni kweli haiondoki. Lakini hata MP3 mtu akishapakua haiondoki.

Pilipili

Kusambaa si sawa na kupakua. Kwa wachezaji wadogo, nisingeweka kwenye chaneli kabisa. Weka ya makocha na watu wazima huko.

Tumbiri

Na ile spika ya muziki uwanjani? Hiyo nayo ni mtego. Wimbo wa mtu ukisikika wazi chini ya mahojiano, ukipandisha YouTube mfumo wao unautambua na mwenye wimbo anaweza kudai. Sogea mbali na spika, au mwombe DJ apunguze dakika mbili.

Chenga_Mbili

DJ ni rafiki yangu, hilo litawezekana. La watoto nitaongea na wazazi Ijumaa mazoezini, mmoja mmoja, kabla sijamsogelea mchezaji yeyote.

Kwa sasa nimefika hapa: kurekodi ni kinasa cha simu, hilo nimelifunga. Kurusha bado. Nikisoma Mzee nataka mlisho peke yake, nikisoma Kipaza naona wazazi ninaowajua mimi hawatafungua kitu kingine zaidi ya WhatsApp. Maiki nayo, ya waya au isiyo na waya?

FundiWaya

Ya waya haiishiwi chaji.

MzeeWaMawimbi

Ya waya.

Tumbiri

Isiyo na waya. Kocha anatembea, hatakusubiri na kamba yako.

Kipaza

Jamani kabla hatujafunga, mimi nina swali langu. Kocha akiondoka haraka, nikampigia simu njiani, nawezaje kurekodi? Zamani nilikuwa na programu inarekodi simu zote, siku hizi hazifanyi kazi.

FundiWaya

Ni kwa sababu Mei 2022 Google walizuia programu za kwenye duka lao la Play kurekodi simu kupitia ile njia ya ufikivu, iliyowekwa kusaidia watu wenye ulemavu. Simu nyingine za Android zina kurekodi kulikojengwa ndani, inategemea mtengenezaji na nchi. Kwa iPhone Apple waliongeza tangu iOS 18.1, Oktoba 2024, na inatangaza kwa sauti kwamba mazungumzo yanarekodiwa, pande zote mbili zinasikia. Hata pasipo tangazo mwambie mwenyewe, nchi nyingi zinataka ridhaa.

Lakini kwa ubora, usirekodi simu. Mwambie kocha awashe kinasa cha simu nyingine, wewe uwashe chako, muongee, kisha akutumie faili lake. Mwanzoni mpige kofi moja kwa pamoja, unalinganisha hilo kofi kwenye kuhariri na sauti mbili zinakaa sawa.

Kipaza

Kocha aliyefungwa mabao manne apige kofi?

Nuru

Mwombe aseme jina lake kwanza basi, linganisha hapo.

Jongoo22

Mimi mgeni humu, nimeusoma uzi wote. Hiyo ya simu mbili nimeijaribu na mwenzangu kwa mazungumzo ya saa nzima. Mwanzo tulikuwa sawa kabisa, kufika mwisho anajibu kabla sijauliza. Tatizo ni simu yake au yangu?

FundiWaya

Hakuna yenye tatizo. Kila simu ina saa yake ya ndani ya kupimia sampuli na hazilingani kabisa, kwa dakika tano huoni, kwa saa nzima zinaachana. Kata faili la mwenzako vipande kwenye sehemu za ukimya, sogeza kila kipande mahali pake. Ulirekodi kwa programu gani, na zote mbili zilikuwa kwenye sampuli 44,100 au moja ilikuwa 48,000?

Jongoo22

Sijui ya mwenzangu. Ngoja nimuulize.